Aliyekufa Maji



Rafiki yangu, niliyesafiri naye jahazini tangu ujanani, alikufa maji usiku, chombo kikingojea maji yajae kiingie Pate. Bahari ilikuwa shwari, naye hodari wa kuogelea, sababu haikujulikana. Wako waliosema ni jini. Wako waliomtuhumu baharia mwenziwe. Yote hayo ni dhana, na Sura ya Al-Hujurat (49:12) yatukataza.

Tulijualo kwa yakini ni neno la Mtume (S.A.W.), walilolipokea Bukhari na Muslim: aliyekufa maji ni shahidi. Naye ni shahidi wa Akhera. Huoshwa, hukafiniwa na kusaliwa.

Basi tusiende kwa wapiga ramli. Tumlipie deni zake, tuwatazame mayatima wake, na baharia yule tumwamkie kama zamani.

Mwenyezi Mungu amrehemu. Amin.