Aligongwa na gari akainuka: je, ni mzima?

Msomaji, huenda umeliona jambo hili mara nyingi katika barabara ya Jogoo asubuhi, watu wakikimbilia kazini. Matatu inampiga mwendesha baiskeli ubavuni, anaanguka, umati unakusanyika. Baada ya muda mfupi anainuka, anajipangusa vumbi, anakagua baiskeli kabla ya kuukagua mwili wake, kisha anasema, "Niko sawa." Dereva anamtolea pesa kidogo za kunyoosha gurudumu na kila mtu anaenda zake.

Mtu huyu hutuhofisha sisi madaktari kuliko yule anayepiga mayowe kwa kuvunjika mguu. Wa mguu ataletwa hospitali bila ubishi.

Tuanze na kichwa. Mfupa wa panja ni mwembamba, na nyuma yake umepita mshipa wa damu. Mfupa ukipasuka, mshipa unaweza kukatika, damu ikajikusanya kati ya fuvu na utando unaofunika ubongo. Mgonjwa aweza kuzimia kidogo, akazinduka, akazungumza vizuri kwa saa kadhaa. Wakati huo wote damu inaongezeka, na kwa kuwa fuvu halitanuki, kinachobanwa ni ubongo. Hali hii ikigunduliwa mapema, damu hutolewa kwa upasuaji na wengi hupona kabisa. Ikichelewa, mtu hufa kitandani mwake.

Kwa hivyo aliyezimia, hata kwa dakika moja, apelekwe hospitali hata kama sasa anacheka. Aliyegonga kichwa bila kuzimia asiachwe peke yake kwa saa 24. Wengi huamini kwamba hafai kulala. Usingizi wenyewe haumdhuru. Hatari ni kulala bila mtu wa kumtazama. Mwamshe kila baada ya saa chache, umwulize jina lake na mahali alipo. Maumivu ya kichwa yakizidi, akitapika tena na tena, akichanganyikiwa, mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, mkono au mguu ukilegea, ama majimaji yakitoka puani au masikioni, usingoje kupambazuke. Asipewe aspirini wala pombe.

Tumbo nalo lina hila zake. Baiskeli inapogongwa, usukani hugeuka na ncha yake humchoma mwendeshaji chini ya mbavu, hasa ikiwa mpira wa kushikia umeisha na chuma kiko wazi. Huenda usione ila alama ndogo ya mviringo, lakini ndani wengu, ini au kongosho limepasuka. Watoto huumia hivi sana. Angalia kama anakuwa mweupe midomoni, anatoka jasho baridi, ana kiu, tumbo limekuwa gumu, au anakojoa damu. Maumivu katika bega la kushoto ambalo halikugongwa yaweza kuwa dalili ya wengu kuvuja damu, na wengu huweza kupasuka hata siku kadhaa baada ya ajali. Usimpe maziwa wala chai, kwani huenda akahitaji upasuaji.

Na yule asiyeinuka? Msimkunje na kumsukuma katika kiti cha nyuma cha gari. Shingo ikiwa imevunjika, kumwinua vibaya kwaweza kumpoozesha maisha. Zuieni magari, kandamizeni panapotoka damu kwa kitambaa safi, pigeni 999 au 112.

Majeraha mabaya kabisa husababishwa na malori yanayokata kushoto. Gurudumu la nyuma halifuati njia ya lile la mbele. Hupita ndani zaidi, karibu na ukingo, pale pale mwendesha baiskeli alipojibanza, na dereva hamwoni. Kwenye makutano, kaa nyuma ya lori, usikae ubavuni mwake. Ngozi ya mguu uliokanyagwa na tairi huweza kuonekana nzima ilhali imebanduka kutoka kwenye nyama, ikafa baada ya siku chache.

Kuhusu kofia ngumu, uchambuzi wa tafiti uliochapishwa 1999 ulionyesha kwamba hupunguza majeraha ya kichwa na ubongo kwa kati ya asilimia 63 na 88. Ikishagongwa katika ajali, nunua nyingine.

Ukifika hospitali, mweleze daktari ulivyogongwa, ulivyoanguka na usukani ulikokuchoma. Ulizia sindano ya pepopunda, na uripoti polisi upewe fomu ya P3, hata kama dereva amekwisha kukulipa gurudumu.