Máxima na Shamba Lake

Katika nchi ya Peru, Amerika ya Kusini, mna milima mirefu iitwayo Andes. Huko, katika jimbo la Cajamarca, mkulima mmoja, Máxima Acuña, alinunua shamba pamoja na mumewe mwaka 1994. Wakajenga nyumba ndogo, wakalima viazi, wakafuga kondoo. Máxima hakujua kusoma wala kuandika.

Chini ya milima ile mna dhahabu. Kampuni ya Yanacocha ilitaka kufungua mgodi mpya, jina lake Conga. Kwa ajili hiyo maziwa manne yangekaushwa: mawili yachimbwe dhahabu, na mawili yajazwe mawe ya kutupwa. Kampuni iliahidi kujenga mabwawa badala yake. Lakini wakulima wengi walikataa, maana maziwa yale ndiyo yalishayo mito na chemchemi zao.

Shamba la Máxima lilikuwa karibu na ziwa mojawapo. Mwaka 2011 kampuni ilimtaka ahame, ikidai ya kuwa imekwisha kuinunua ardhi ile kwa wanakijiji. Naye akakataa. Basi akashtakiwa kwamba ameingia katika ardhi isiyo yake. Mwaka 2012 alihukumiwa kifungo cha karibu miaka mitatu, ambacho hakutakiwa kukitumikia gerezani, na kutozwa fedha nyingi kupita uwezo wake.

Máxima hakukimbia, wala hakushika silaha. Alikata rufani, akisaidiwa na wakili Mirtha Vásquez, wakakusanya hati za kuthibitisha haki yake. Desemba 2014 hukumu ile ikafutwa. Mwaka 2016 akapewa Tuzo ya Goldman, wapewayo watu wanaolinda ardhi na maji. Mwaka uo huo kampuni ya Newmont ya Marekani, mwenye hisa nyingi katika Yanacocha, ilieleza kwamba haitazamii kuendelea na Conga kwa wakati ule. Na mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Peru ikathibitisha kwamba Máxima hana hatia. Hata hivyo taabu hazikwisha, kwa kuwa daawa nyingine juu ya milki ya ardhi ile zilikuwa zingali mbele ya mahakimu.

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.

MASWALI
1. Kwa nini wakulima hawakuridhika na mabwawa?
2. Máxima alijitetea kwa njia gani?
3. Eleza jinsi methali hii inavyopatana na habari hizi.