Fidla isiyoshika sauti

Swali: Napiga fidla katika kikundi cha taarabu Unguja. Nikiitengeneza sauti jioni, asubuhi nakuta nyuzi zimelegea. Nifanyeje?

Jibu: Vigingi vya mbao huvimba na kukwama kwenye unyevu, hewa ikikauka husinyaa na kuteleza. Vitoe kimoja kimoja, daraja lisije likaanguka, uvipake sabuni kavu na chaki. Unapokaza uzi, sukuma kigingi kwa ndani huku ukikizungusha. Kwa mpangilio wa kawaida, anza na A, hezi 440, kisha D, G na E. Ukimaliza kupiga, futa vumbi la ulimbo kwa kitambaa kikavu na ulegeze upinde. Usiiache fidla ndani ya gari juani: gundi huachia.