MADA YA TISA: KUDHIBITI AINA ZA FAILI KATIKA SEVA YA PAMOJA

Malengo ya mada

Baada ya kusoma mada hii, mtahiniwa anatakiwa aweze:
(a) kueleza maana ya uchujaji wa faili na kuutofautisha na ruhusa na mgawo wa nafasi;
(b) kutoa sababu za kudhibiti aina za faili, pamoja na hesabu inapohitajika;
(c) kufafanua jinsi kompyuta inavyotambua aina ya faili;
(d) kutaja njia za uchujaji, udhaifu wake na namna ya kuuziba.

9.1 Maana

Seva ya pamoja ni kompyuta inayotunza faili za watumiaji wengi na kuwawezesha kuzifikia kupitia mtandao. Shuleni, seva hiyo ndiyo hutunza kazi mradi za wanafunzi, maandalio ya walimu na kumbukumbu za ofisi.

Uchujaji wa faili ni kuweka kanuni zinazoamua ni faili za aina gani zinakubaliwa kuhifadhiwa katika folda fulani ya seva, na zipi zinakataliwa.

Watahiniwa wengi huchanganya mambo matatu. Yatofautishe kwa kuangalia swali ambalo kila moja linajibu:

- Ruhusa hujibu swali "Nani?" Mfano: Mwalimu anaweza kuandika katika folda ya matokeo, mwanafunzi hawezi.
- Mgawo wa nafasi hujibu swali "Kiasi gani?" Mfano: Kila mwanafunzi asizidishe MB 200.
- Uchujaji hujibu swali "Aina gani?" Mfano: Nyimbo na video haziruhusiwi katika folda ya kazi mradi.

9.2 Sababu za kudhibiti aina za faili

(i) Kulinda nafasi ya diski. Hii ndiyo sababu inayoulizwa zaidi, na mara nyingi huja na hesabu.

Mfano wa 1. Wimbo wa MP3 umerekodiwa kwa kasi ya biti 128,000 kwa sekunde. Tafuta ukubwa wa wimbo wa dakika 4.

Jibu: Dakika 4 ni sekunde 240. Biti zote ni 128,000 × 240 = 30,720,000. Baiti moja ina biti 8, kwa hiyo 30,720,000 ÷ 8 = baiti 3,840,000, yaani MB 3.84.

Ukurasa wa maandishi matupu wenye herufi 3,000 huchukua baiti 3,000 hivi. Kwa hiyo wimbo mmoja unachukua nafasi ya kurasa 1,280 za maandishi.

Mfano wa 2. Seva ya shule imebakiwa na GB 50. Wanafunzi 160 wanahifadhi nyimbo 80 kila mmoja, na kila wimbo una MB 3.84. Baadaye kila mwanafunzi anatakiwa kuhifadhi kazi mradi ya MB 12. Je, nafasi itatosha? (Chukua GB 1 = MB 1,000.)

Jibu: Nyimbo zote ni 160 × 80 = 12,800. Nafasi inayotumika ni 12,800 × 3.84 = MB 49,152. Nafasi inayobaki ni 50,000 − 49,152 = MB 848. Kazi mradi zote zinahitaji 160 × 12 = MB 1,920. Nafasi haitoshi. Wanafunzi 70 wa kwanza wataweza kuhifadhi (70 × 12 = MB 840), na 90 waliobaki watakosa.

Angalia jambo moja katika mfano huu. Hakuna mwanafunzi aliyeona kwamba nyimbo zake 80 ni nyingi, maana ni MB 307 tu. Lakini diski ni ya wote, na anayeumia si lazima awe ndiye aliyeijaza. Anaweza kuwa mwanafunzi asiye na hata wimbo mmoja, aliyechelewa kuhifadhi kazi yake kwa dakika chache.

(ii) Kuzuia programu haribifu. Programu tekelezi, kama zenye kiendelezi .exe, .bat au .vbs, zinaweza kubeba virusi. Zikiwekwa kwenye seva ya pamoja, mtumiaji mmoja akizifungua anaweza kuambukiza kompyuta nyingine.

(iii) Kuheshimu hakimiliki. Filamu na nyimbo zilizonakiliwa bila idhini zinaweza kuiingiza taasisi yenye seva katika kosa la kisheria.

(iv) Kupunguza mzigo wa mtandao na wa nakala rudufu. Kila faili iliyo kwenye seva hunakiliwa tena wakati wa kutengeneza nakala rudufu. Faili zisizohitajika zinaongeza muda na gharama ya kazi hiyo.

9.3 Jinsi aina ya faili inavyotambuliwa

Njia ya kwanza: kiendelezi. Hizi ni herufi zinazofuata nukta ya mwisho katika jina la faili. Katika bajeti.xlsx, kiendelezi ni .xlsx. Njia hii ni ya haraka, lakini inasoma jina tu, haifungui faili kuona kilichomo.

Njia ya pili: alama za mwanzo wa faili. Faili za aina nyingi huanza na baiti maalumu zisizobadilika hata jina likibadilishwa. Kumbuka hizi:

- Faili ya PDF huanza na %PDF.
- Faili ya ZIP huanza na PK.
- Picha ya GIF huanza na GIF.
- Programu tekelezi ya Windows huanza na MZ.

Katika Linux, amri iitwayo file husoma alama hizo na kueleza aina halisi ya faili. Hata hivyo, njia hii nayo ina mipaka. Hati ya .docx kwa ndani ni furushi la ZIP, kwa hiyo nayo huanza na PK. Chujio linaloangalia PK peke yake na kukataa faili zote za ZIP litakataa pia hati za kawaida za wanafunzi.

Tukio la kukumbuka. Mei 2000 kirusi cha ILOVEYOU kilienea duniani kwa barua pepe. Faili yake iliitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Windows kwa kawaida ilikuwa inaficha viendelezi inavyovifahamu, hivyo watu wengi waliona .TXT wakadhani ni maandishi tu. Kiendelezi halisi kilikuwa .vbs, yaani programu. Ndiyo maana tunasisitiza: kiendelezi ni kile kinachofuata nukta ya mwisho.

9.4 Njia za uchujaji

Kwa kuangalia orodha:
- Orodha ya marufuku: Kila kitu kinaruhusiwa isipokuwa kilichotajwa. Ni rahisi kuitumia, lakini aina mpya isiyotajwa inapita.
- Orodha ya ruhusa: Kila kitu kinakataliwa isipokuwa kilichotajwa. Ni salama zaidi, lakini inaweza kukwamisha kazi halali. Kwa mfano, Microsoft Word hutengeneza faili za muda inapohifadhi hati. Faili hizo zisiporuhusiwa, hata hati yenyewe inaweza kushindwa kuhifadhiwa.

Kwa kuangalia hatua inayochukuliwa:
- Uchujaji wa kuzuia: Mtumiaji anakataliwa palepale anapojaribu kuhifadhi.
- Uchujaji wa kufuatilia: Mtumiaji anaruhusiwa, ila msimamizi anapata taarifa.

9.5 Zana zinazotumika

Katika Windows Server kuna File Server Resource Manager, iliyoanza na Windows Server 2003 R2. Msimamizi huunda kundi la faili, kwa mfano kundi la sauti na video lenye *.mp3, *.mp4 na *.avi, kisha hulifunga kundi hilo kwenye folda. Nyota (*) husimama badala ya jina lolote. Kanuni ya folda hushuka hadi kwenye folda zilizomo ndani yake, lakini msimamizi anaweza kuweka msamaha kwa folda moja ya ndani. Zana hii inaweza pia kutuma barua pepe kwa msimamizi na kuandika tukio kwenye kumbukumbu za mfumo.

Katika Linux, seva nyingi hutumia Samba. Mstari wa mipangilio huandikwa hivi:

veto files = /*.mp3/*.exe/

Faili zinazolingana na mstari huo hazionekani wala hazifikiwi na watumiaji wa folda hiyo.

Zingatia tofauti: Chujio la Windows Server huzuia faili mpya, lakini haliondoi zile zilizokuwapo kabla ya kanuni. Kanuni ya Samba huficha hata zilizokuwapo. Hata hivyo, faili zilizofichwa bado zinachukua nafasi kwenye diski mpaka zifutwe.

9.6 Udhaifu wa uchujaji na jinsi ya kuuziba

(i) Kubadilisha jina. Mtumiaji akiita wimbo.mp3 kwa jina la wimbo.txt, chujio la kiendelezi litaupitisha. Kuuziba: weka mgawo wa nafasi, na kagua alama za mwanzo wa faili mara kwa mara. Katika Mfano wa 2, mgawo wa MB 200 kwa wanafunzi 160 ungetumia GB 32 tu, hata wote wangeujaza.

(ii) Kufungasha. Nyimbo zikiwekwa ndani ya faili ya ZIP, chujio linaona .zip tu. Kuuziba: ruhusu .zip katika folda zinazoihitaji tu.

(iii) Programu haribifu mpya. Mei 2017, WannaCry ilifunga faili za watu katika nchi nyingi na kudai fedha. Faili zilizofungwa ziliongezewa .WNCRY. Kuweka kiendelezi hicho katika orodha kunaweza kumpa msimamizi tahadhari, lakini programu inayotumia jina jingine itapita. Kuuziba: tumia programu ya kukinga virusi, sasisha mfumo, na weka nakala rudufu mahali pengine.

9.7 Hatua za kuweka uchujaji

1. Orodhesha faili ambazo kila kundi la watumiaji linazihitaji kwa kazi.
2. Anza na uchujaji wa kufuatilia, uone kanuni ingemzuia nani.
3. Watangazie watumiaji kanuni, sababu na tarehe ya kuanza.
4. Wape muda wa kuhamisha faili zao.
5. Washa uchujaji wa kuzuia.
6. Weka misamaha inayostahili. Kwa mfano, folda ya somo la muziki inahitaji .mp3.
7. Pitia kanuni kila muhula.

Usiiruke hatua ya 2. Kanuni iliyowekwa bila kupimwa inaweza kumzuia mwanafunzi kuhifadhi kazi halali siku ya mwisho ya kukusanya, na hapo hasara ni ileile ya diski kujaa.

Makosa ya kawaida ya watahiniwa

- Kuandika kwamba uchujaji "huua virusi". Huzuia baadhi ya faili kuhifadhiwa tu.
- Kusahau kugawa kwa 8 unapobadili biti kuwa baiti.
- Kutaja udhaifu bila kueleza jinsi ya kuuziba, wakati swali limeuliza yote mawili.

Maswali ya kujipima

1. Tofautisha ruhusa, mgawo wa nafasi na uchujaji wa faili. (Alama 6)
2. Taja kiendelezi halisi cha faili iitwayo picha.jpg.exe, kisha eleza hatari yake. (Alama 3)
3. Wimbo wa dakika 5 umerekodiwa kwa biti 128,000 kwa sekunde. Tafuta ukubwa wake kwa MB. (Alama 4)
4. Msimamizi amezuia .mp3 katika seva ya Windows, lakini nafasi iliyobaki haijaongezeka. Toa sababu mbili. (Alama 4)

Mwongozo wa majibu

1. Ruhusa: nani anafikia faili. Mgawo: nafasi kiasi gani inatumika. Uchujaji: faili za aina gani zinahifadhiwa. Toa mfano mmoja kwa kila kimoja.
2. Kiendelezi ni .exe. Ni programu tekelezi iliyojificha kama picha. Kiendelezi cha mwisho kikifichwa, mtumiaji ataona picha.jpg na anaweza kuifungua bila kujua.
3. 128,000 × 300 = biti 38,400,000. Gawa kwa 8: baiti 4,800,000 = MB 4.8.
4. Nyimbo za zamani hazikufutwa na kanuni mpya. Pia watumiaji wanaweza kuwa wanaendelea kuhifadhi nyimbo kwa kubadilisha kiendelezi au kuzifungasha katika ZIP.