Kabla hujatamka talaka: maneno kwa wanandoa wa Butembo na Beni

Tangu Oktoba 2014, mauaji ya waasi wa ADF yalipoanza kurudiarudia katika eneo la Beni, ndoa za Wakristo wa huku zimebebeshwa mizigo ambayo mafundisho ya uchumba hayakuitaja. Mume anabaki kijijini kuchunga kakao yake, mke na watoto wamepanga chumba kimoja Butembo. Mfanyabiashara anakaa Kampala au Guangzhou miezi na miezi, na nyumbani baba anajulikana kwa sauti ya simu. Mwanamke anatekwa shambani, anarudi na mimba. Siku moja mmoja wao anabisha hodi kwa padri au mchungaji: nimechoka, nataka kuachana naye, Biblia inasemaje?

Biblia ina jibu, ila ni vizuri kuisoma mahali pawili kwa pamoja. Katika Marko 10 Mafarisayo wanamuuliza Yesu kama ni halali mtu kumwacha mkewe. Lilikuwa swali la mtego. Walimu wa wakati ule walikuwa wamegawanyika: wafuasi wa Shamai waliruhusu talaka kwa sababu ya uchafu wa zinaa tu, wafuasi wa Hileli waliiruhusu hata kwa mke aliyeunguza chakula. Yesu hakujiunga na upande wowote. Aliwarudisha mwanzo, kwa mume na mke ambao Mungu amewafanya mwili mmoja, akasema Musa aliruhusu hati ya talaka kwa ajili ya ugumu wa mioyo yao. Sura mbili mbele, Marko 12, mwandishi mmoja anamuuliza amri iliyo kuu, naye anajibu kutoka Kumbukumbu la Torati 6: kumpenda Mungu kwa moyo wote, roho yote, akili yote na nguvu zote, kisha, kutoka Mambo ya Walawi 19, kumpenda jirani kama nafsi yako. Ugonjwa uliotajwa katika sura ya 10 umepewa dawa katika sura ya 12. Kwa hiyo anayetaka kujua kama ndoa yake itapona aanze na moyo wake mwenyewe mbele za Mungu, makosa ya mwenzake yasubiri kidogo. Na jirani wa kwanza ni yule mnayelala kitanda kimoja.

Nyumbani hayo yanaanza na sala, lakini iangalieni sala yenyewe. Mke anayeomba kwa sauti, mumewe akisikia, kwamba Bwana amguse huyu baba aache pombe ya kasiksi, hapo anamshitaki mumewe huku amefumba macho. Mume anayeomba mke wake apewe roho ya utii anafanya vilevile. Kila mmoja aanze kwa kuungama lililo lake la siku hiyo, kisha ambariki mwenzake kwa jina, basi. Dakika kumi zinatosha. Mliotenganishwa na vita au biashara, wekeni saa ya kupigiana simu na muiheshimu. Pigeni kwa sauti, kwa maana ujumbe wa maandishi umevunja nyumba nyingi kwa neno moja lililosomwa vibaya. Swali la kwanza liwe la mtu: umekula, umelala wapi, mtoto amepona? Pesa zije baadaye.

Maana pesa zitakuja. Ugomvi mwingi unaoitwa wa mapenzi ni ugomvi wa kakao iliyouzwa na dola ambazo mmoja hakuziona. Siku ya kuuza, kaeni wote wawili, hesabuni mbele ya kila mmoja, mtenge chakula, karo ya shule, kodi ya nyumba na sadaka, kabla ndugu wa upande wowote hawajatumiwa kitu. Mwanamume anayesema mke hana ruhusa ya kuuza, kukopa au kusaini bila yeye ajue kwamba sheria hiyo imekufa: Sheria ya Familia ya Kongo ya 1987 ilirekebishwa mwezi wa Julai 2016, na ile idhini ya mume ikaondolewa.

Wapo pia wale wa yaka tofanda, wanaoishi pamoja miaka mingi kwa sababu mbuzi wa mahari hawajatimia, na kwa sababu hiyo wanaogopa kukaribia altare. Wazazi wa upande wa binti, nawasihi. Kijana aliyekimbia kutoka Mbau au Eringeti na nguo zilizo mwilini hana mbuzi wa kuwaletea mwaka huu, wala mwaka ujao. Pokeeni kidogo alicho nacho, kiandikeni kuwa kimepokelewa, muwaache wafunge ndoa. Kisha wanandoa waende kwenye komini wakaandikishe ndoa yao, hata kama wana watoto watano. Ile karatasi ndiyo inayomsaidia mjane siku shemeji zake watakapokuja kumtoa kwenye nyumba na shamba, na vita vyetu vimeacha wajane wengi wasio nayo.

Mkishindwana, msilale juu ya ugomvi kwa mwezi mzima. Tafuteni watu wawili, hasa wale waliosimamia ndoa yenu, ambao hawatapeleka habari sokoni. Kila mmoja aseme bila kukatizwa, na aseme jambo moja tu kwa kikao kimoja. Anayefungua madeni yote ya miaka kumi usiku mmoja hatalipwa hata moja. Mama mkwe asiwe mwamuzi, hata kama ni mtu wa sala.

Hayo yote ni kwa nyumba ambayo watu wake wako salama. Mahali penye kipigo, shauri ni jingine, na hapa wahubiri wengi tumewakosea wanawake. Mwanamke mwenye jeraha la kichwa hapelekwi kwenye kikao cha upatanisho, anapelekwa hospitali, kisha kwa watu ambao mume hawezi kuwafikia. Paulo, katika 1 Wakorintho 7, anamkataza mke kumwacha mumewe, lakini hapohapo anataja aliyeondoka: akae bila kuolewa au apatane. Maana yake Paulo alijua wapo watakaoondoka, na hakuwafukuza kanisani. Sheria ya Kanisa Katoliki, kanuni ya 1153, inampa ruhusa ya kutengana yule ambaye mwenzake anamhatarisha vibaya mwili au roho, yeye au watoto, na pale ambapo kukawia ni hatari anaweza kuondoka kwa uamuzi wake mwenyewe. Sababu ya hatari ikiisha, wanapaswa kurudiana. Lakini kuisha kuonekane kwa matendo na kwa muda, machozi ya mbele ya kanisa yasihesabiwe kuwa toba kamili. Kusamehe kunaweza kufanyika leo. Kurudi chini ya dari moja kunangoja usalama.

Sasa nizungumze na mwanamume ambaye mke wake alibakwa. Hili ndilo linalonikereketa kuliko yote, kwa kuwa huku kwetu wanawake wamefukuzwa nyumbani kwa sababu ya dhambi ya mtu mwingine, na waliowafukuza wamejitetea kwa Mathayo 19:9, pale Yesu anapotaja uasherati. Ndugu yangu, uasherati ni tendo la anayetaka. Kafungue Kumbukumbu la Torati 22, kuanzia mstari wa 25. Torati inazungumzia msichana aliyechumbiwa, aliyeshikwa kwa nguvu shambani: asitendwe neno, hana dhambi, kwa kuwa jambo lake ni kama la mtu aliyevamiwa na jirani yake akauawa. Alipiga kelele na hapakuwa na wa kumwokoa. Shambani. Ni kama imeandikwa kwa ajili ya mashamba yetu ya Mulekera na Oicha. Nani anamfukuza aliyeuawa kwa kosa la muuaji?

Fanya hivi. Kama ni jambo la leo au la juzi, hospitali kwanza, kabla saa 72 hazijapita, ili apate dawa za kuzuia virusi vya ukimwi. Mjini Butembo hospitali ya FEPSI inajulikana kwa kuwahudumia wanawake waliopitia haya. Nenda naye, ukae naye kwenye foleni. Usimwombe akusimulie, na akianza kusimulia usimkatize wala usiulize kwa nini hakukimbia. Kitandani mngoje yeye, hata ikichukua miezi. Wewe nawe tafuta mwanamume mmoja wa kukusikiliza, mtu wa siri, kwa sababu aibu na hasira ulizo nazo ni za kweli na zisipopata mahali pa kutokea zitamwangukia yeye. Watu wa mtaa wakianza kunong'ona, tembea naye kwenda kanisani, ukae karibu naye. Na akizaa, mpe mtoto jina kwa mpangilio wa kuzaliwa kama Wanande tunavyowapa watoto wetu wote, Kambale au Kakule, Masika au Kahindo, asikue akiitwa mtoto wa msituni. Yosefu wa Nazareti naye alikuwa amekusudia kumwacha Mariamu kwa siri. Akamchukua, na mtoto ambaye hakutoka kwake akampa jina.

Kuna ndoa nyingine ambazo hatuzisemi: za wale ambao waume au wake zao walichukuliwa msituni na hawajarudi. Mwanamke anakaa miaka sita, minane. Mchumba mwema anajitokeza. Je, mwanamke huyu akiolewa naye, anazini? Warumi 7 inasema mke amefungwa kwa mumewe wakati mume yu hai, na akifa amefunguliwa, lakini huyu hana kaburi la kuonyesha. Wakatoliki wana njia, ingawa ni wachache wanaoijua. Kanuni ya 1707 inamruhusu askofu kutamka kwamba mwenzi anahesabiwa amekufa, baada ya kuchunguza ushuhuda, habari zinazosemwa na mazingira yenyewe. Kutokuwepo tu, hata kwa muda mrefu, hakutoshi. Kwa hiyo kusanyeni ushahidi mapema: majina ya waliotekwa pamoja naye na wakatoroka, tarehe, mahali, aliyemwona mara ya mwisho, na karatasi yoyote ya mkuu wa kijiji. Pelekeni kwa paroko, naye afikishe kwenye mahakama ya Jimbo la Butembo-Beni. Walio katika makanisa ya Kiprotestanti waulize baraza la wazee wao, na wakishauriwa kusubiri, waombe wapewe sababu. Pia yule aliyebaki ajue kwamba kumngoja mtekwa kwa uaminifu ni ndoa kamili mbele za Mungu, hata kama mtaa unamwita mjane.

Itakuwapo pia nyumba ambayo yote yamejaribiwa na bado inavunjika. Mahakama ya amani ndiyo inayoshughulika na talaka, na sheria inataka hakimu ajaribu kwanza kuwapatanisha. Kiitikieni hicho kikao kwa moyo mnyoofu. Msiwagawe watoto kama vyombo vya jikoni, na asiyekaa nao aendelee kuwalipia shule. Mkatoliki aliyeachwa au aliyeachana, ambaye hajaoa wala kuolewa tena, hajazuiwa kukomunika kwa sababu hiyo peke yake. Wengi wamejiondoa wenyewe kwenye shirika lao kwa kutolijua hilo. Anayeamini kwamba ndoa yake haikuwa ndoa tangu mwanzo, pengine kwa kuwa alilazimishwa na wazazi au alidanganywa, aombe ichunguzwe. Mwaka 2015 Papa Fransisko alifupisha taratibu hizo, akaondoa ulazima wa hukumu ya pili, akataka pia kwamba, kadiri iwezekanavyo, watu wasitozwe gharama.

Nanyi mnaoongoza makanisa na mashirika kutoka Kasindi mpaka Lubero, wiki hii andikeni majina ya waliofukuzwa baada ya kubakwa na ya wale wanaongoja watekwa. Watembeleeni makwao kabla ya Jumapili, mwende na kitu cha chakula, na hukumu iacheni nyumbani.