Kukadiria Mahitaji ya Umeme wa Nyumba za Mtaa

Katika mada hii watahiniwa wengi hupoteza alama kwa kosa moja: kujumlisha wati za vifaa vyote na kuishia hapo.

Mfano. Transfoma ya mtaa ya 100 kVA inahudumia nyumba 80. Kila nyumba ina taa za jumla ya wati 50, televisheni ya wati 100, friji ya wati 150, pasi ya wati 1,000 na jiko la wati 2,000. Je, transfoma inatosha saa 1 usiku? Chukulia kwamba kila 1 kVA hutoa 0.9 kW.

Ukijumlisha tu, utapata wati 3,300 kwa nyumba, yaani 264 kW kwa mtaa mzima, na utaandika kuwa transfoma itaungua. Mbona mitaani haziungui kila jioni? Kwa sababu vifaa havitumiki vyote kwa pamoja. Friji hujiwasha na kujizima, na anayepika kwa kawaida hapigi pasi saa hiyohiyo. Hivyo, zidisha wati za kila kifaa kwa uwezekano wa kuwa kimewashwa saa hiyo. Tuchukulie taa 1, televisheni 0.8, friji 1/3, pasi 0.1 na jiko 0.2:

50 + 80 + 50 + 100 + 400 = wati 680
680 × 80 = wati 54,400 = 54.4 kW
54.4 ÷ 0.9 = 60.4 kVA

Transfoma inatosha. Lakini litazame jiko: peke yake limebeba zaidi ya nusu ya mzigo. Familia nyingi zikiacha mkaa na uwezekano wa jiko ukapanda hadi 0.6, kila nyumba itahitaji wati 1,480, na mtaa 131.6 kVA.

Hapo transfoma huzidiwa. Haifi papo hapo. Hupata joto na vihami vyake huchakaa. Mkondo mkubwa kwenye nyaya nao hupunguza volti (V = IR), na nyumba ya mwisho wa laini ndiyo huumia zaidi. Ikipata volti 200 badala ya 230, jiko la wati 2,000 hutoa takriban wati 1,500 tu, kwa kuwa P = V²/R. Maharage yatachelewa kuiva.

Zoezi. Umeme ulikatika mchana, ukarudi saa 1 usiku na friji zote zikawaka kwa pamoja. Ukiacha uwezekano wa vifaa vingine kama ulivyo kwenye mfano (jiko 0.2), kokotoa mzigo wa transfoma. (Jibu: 69.3 kVA)