Mwimbaji Aliyeonewa: Je, Alipize Kisasi kwa Wimbo?

Somo la mwezi huu kwa wanakwaya na vikundi vya nyumbani

Tusome: Zaburi 137, 1 Samweli 18:5-11 na 25:2-35, 2 Samweli 1:17-27, Warumi 12:17-21.

Mwezi huu tunasema na wanakwaya, wapiga magita na watunzi wa nyimbo. Lakini wengine msifunge gazeti, kwa maana sisi sote tunaziimba nyimbo zao, hata tukiwa kisimani au jikoni.

Mtu wa kawaida akiumizwa, hunung'unika na majirani wawili watatu. Mwimbaji akiumizwa, ana kipaza sauti, na maneno yake hukaririwa na watoto ambao hawakuwapo siku ya ugomvi. Ndiyo maana swali hili linamgusa yeye zaidi: aliyeonewa akiwa na wimbo mdomoni, afanye nini nao?

1. Wimbo una nguvu ya kuwasha moto

Uadui wa Sauli juu ya Daudi ulianza kwa wimbo. Wanawake walitoka na matari, wakamsifu Daudi kuliko mfalme. Hawakukusudia ubaya, lakini kesho yake mkuki ulirushwa kwa kijana aliyekuwa akipiga kinubi.

Katika nchi zetu za Maziwa Makuu tumeona moto mkubwa kuliko huo. Simon Bikindi alikuwa mwimbaji mashuhuri wa Rwanda. Nyimbo zake zilipigwa redioni katika kampeni ya chuki ya mwaka 1994. Desemba 2008 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ilimhukumu kifungo cha miaka 15. Hukumu yenyewe ilitokana na maneno aliyoyatamka kwa kipaza sauti barabarani, mwezi wa Juni 1994, akiwachochea watu kuua. Tuangalie jambo hili vizuri: watu walimsikiliza kwa sababu walikuwa wamezoea kumpenda kama mwimbaji. Sauti waliyoipenda ndiyo iliyowaita kwenye damu.

2. Kisasi humfunga anayekilipiza

Tuchukue mfano wa mbali kidogo. John Fogerty wa Marekani alikuwa mtunzi na mwimbaji wa kundi la Creedence Clearwater Revival, lililovunjika mwaka 1972. Mkataba wake na kampuni ya Fantasy ulimbana sana, hata akakubali kuachia malipo yake ya sahani za kundi ili tu apate kutoka. Mwenye kampuni aliitwa Saul Zaentz. Ndiyo, jina lake lilikuwa Sauli.

Mwaka 1985 Fogerty alitoa albamu yenye wimbo unaomwonyesha mtu kama nguruwe mwizi wa fedha, na jina la wimbo lilikuwa karibu sana na jina la Zaentz. Tajiri alimpeleka mahakamani, na ikabidi jina la wimbo libadilishwe. Tena kampuni ilimshitaki kwamba wimbo wake mwingine wa albamu hiyo umenakiliwa kutoka wimbo wa mwaka 1970, ambao aliutunga yeye mwenyewe! Mwaka 1988 alichukua gita lake, akapiga mbele ya baraza la mahakama kuonyesha jinsi anavyotunga. Alishinda kesi hiyo. Ugomvi juu ya gharama za mawakili uliendelea hadi Mahakama Kuu ya nchi, mwaka 1994.

Lakini hasara kubwa ilikuwa nyingine. Kwa miaka mingi Fogerty alikataa kuimba nyimbo zake za zamani, kwa kuwa faida yake ingeingia kwa adui. Aliyekuwa na njaa ya nyimbo hizo ni nani? Si tajiri. Ni wasikilizaji, na ni yeye mwenyewe. Mwaka 1987 aliziimba tena, katika onyesho kwa ajili ya askari waliopigana Vietnam. Kampuni ilipouzwa mwaka 2004, wenyeji wapya walimrudishia malipo yake, na mwaka 2023 alipata sehemu kubwa ya haki za nyimbo zake. Zaentz alikuwa amekufa tangu 2014. Wimbo wa nguruwe haukumrudishia hata senti moja.

3. Kudai haki si kisasi

Hapa wengine watauliza: basi, aliyeibiwa anyamaze? Hapana. Paulo alipoonewa alikata rufani kwa Kaisari (Matendo 25:11). Mjane wa Luka 18 alimchosha kadhi kwa kudai haki yake, na Bwana hakumkemea.

Mnaujua wimbo wa simba ambao dunia nzima huuimba. Ulitungwa na Solomon Linda, Mzulu wa Afrika Kusini, na ukarekodiwa Johannesburg mwaka 1939 kwa jina la Mbube. Haki zake aliziuza kwa shilingi 10. Wengine walitajirika kwa wimbo huo, lakini Linda alikufa maskini mwaka 1962, na kaburi lake lilikaa miaka mingi bila jiwe. Mwaka 2004 watoto wake waliishitaki kampuni ya Disney, iliyoutumia wimbo katika filamu ya mwaka 1994. Mawakili walitegemea sheria ya zamani ya Kiingereza, inayorudisha haki kwa warithi miaka 25 baada ya mtunzi kufa. Mwaka 2006 walipatana na wenye kuumiliki wimbo, na familia ikapata malipo.

Mnaona tofauti? Kisasi hutaka yule aumie. Haki hutaka kilicho changu kirudi, na ukweli ujulikane. Kisasi hakina mwisho. Haki ikipatikana, mtu anaweza kulala.

4. Mahali pa kupeleka uchungu

Waimbaji wa Zaburi 137 walikuwa wakimbizi kama sisi. Walitundika vinubi vyao, na waliowateka wakawadhihaki kwa kuwaomba nyimbo za nyumbani. Mwisho wa zaburi hiyo unatisha, kwa maana wanawatakia Babeli mambo ambayo sisi hatuthubutu kuyasoma mbele ya watoto. Wengine huuruka mwisho huo. Sisi tunasema usirukwe. Unatufundisha kwamba Mungu hakuwafukuza watu hao kwa sababu ya hasira yao. Walimwachia Yeye maneno makali kuliko yote, na mikono yao ikabaki bila damu. Ndilo Paulo analofundisha katika Warumi 12: kisasi ni cha Bwana.

Na Daudi je? Yeye naye hakuwa malaika. Nabali alipomtukana, alijifunga upanga na kuondoka na watu 400. Abigaili ndiye aliyemzuia njiani. Lakini Sauli alipokufa, Daudi alitunga maombolezo kwa ajili yake, akaagiza wana wa Yuda wafundishwe. Mtu aliyerushiwa mkuki alimwimbia mwenye mkuki, tena hakutia ndani fumbo hata moja la kumsuta.

5. Kwetu hapa kambini

Hivi karibuni kwaya moja ilituletea wimbo mpya tuusikilize kabla ya ibada. Ubeti wa tatu ulitaja kwa jina ukoo wa waliochoma nyumba kule tulikotoka. Jamaa za ukoo huo wanapanga foleni ya mgao pamoja nasi. Tulikaa na wanakwaya jioni mbili. Hatukuwaambia wasahau, kwa sababu nyumba ziliungua kweli na watu walikufa kweli. Tuliuliza neno moja tu: ubeti huu unamwambia nani? Kama ni Mungu, Yeye anayajua majina. Kama ni watoto wa ukoo ule wanaosoma na watoto wetu, wao walichoma nyumba ya nani?

Wanakwaya wenyewe waliubadilisha ubeti. Majina ya marehemu wetu yalibaki, jina la ukoo likatoka, na wimbo haukupoteza chozi lake hata moja. Mama mmoja alisema bado anataka waliomtenda wajulikane. Huyo tulimsaidia kuandika maelezo yake yote, pamoja na majina, ayapeleke kwa wanaohusika na sheria. Majina yana mahali pake.

Kwa hiyo, mtunzi, tafuta Abigaili wako. Kabla wimbo haujafika kwenye kipaza sauti, usikilizwe na mtu mmoja asiyeogopa kukuambia: ndugu, rudisha upanga.

Maswali ya kujadili:
1. Ni wimbo gani mnaoujua uliowasha ugomvi? Ni upi uliouzima?
2. Katika jambo linalokuuma leo, unatafuta haki au kisasi? Umejuaje?
3. Someni pamoja mwisho wa Zaburi 137. Kila mmoja amwambie Mungu uchungu wake, kisha mwombeane.

Bwana azilinde sauti zenu.